Foleni Hapelekwi Tena Bunda

Tenga lilipofunguliwa uani, Foleni hakutoka. Silasi alilipindua taratibu, akaligonga kitako kama mtu anayemalizia unga kwenye debe, na paka akaangukia ubavu. Alisimama, akamtazama Silasi mara moja tu, kisha akatokomea chini ya kihenge cha mtama. Tumbo lake lilikuwa limelowa mkojo wake mwenyewe. Mkono wa Silasi ulikuwa na mikwaruzo minne mirefu, na shati lake lilikuwa na damu ambayo hakujua kama ni yake au ya paka.

Nyuma ya kihenge, mlangoni pa kibanda chake, bibi Wankyo alikuwa amekaa kwenye kigoda, amegeukia shamba la pamba. Alikuwa mama mkwe wa Silasi, na kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala mkwe haingii anapolala mama wa mke wake hata kama nyumba inaungua. Bibi alikuja miaka miwili iliyopita kumuuguza binti yake, Mbuke. Mbuke akafa, bibi akabaki, maana watoto wake wa kiume walikuwa wametawanyika kwenye migodi na mashamba ya watu. Silasi akamjengea kibanda chenye mlango unaotazama upande mwingine, na hapo wakwe wawili wakaishi ua mmoja, kila mmoja akiujua mgongo wa mwenzake.

"Foleni," bibi alisema, akielekeza maneno chini ya kihenge. "Umefanywa nini, mwanangu?"

Silasi alijua swali ni lake. "Foleni," akasema naye, "mwambie bibi kwamba bwana mifugo amekuchoma sindano moja. Zimebaki mbili. Jumatatu ijayo, na ile ya kufuata."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiongea tangu mazishi. Chakula kikiiva, paka aliambiwa amwambie mwenye nyumba. Chumvi ikiisha, paka aliambiwa amwambie bibi avumilie mpaka gulio. Majirani walicheka wakasema nyumba ya Silasi ina karani wa miguu minne. Lakini desturi haikuvunjwa, na watu wawili waliokuwa wakiomboleza mtu mmoja hawakulazimika kufa kwa ukimya.

Paka mwenyewe alikuwa wa Mbuke. Alimwokota mwaka themanini na tatu, siku aliyosimama kwenye foleni ya sabuni tangu alfajiri mpaka jua likatua. Sabuni ilipoishia kwa watu sita mbele yake, akarudi nyumbani na kipaka ndani ya kanga. "Wengine wamepata sabuni, mimi nimepata foleni yenyewe," alisema, na jina likabaki. Sasa ilikuwa themanini na nane, na sabuni zilijaa madukani Bunda, za kila rangi. Kilichoadimika sasa ni mtu wa kuzinunua.

*

Ugonjwa wa Foleni ulianza masikioni. Ukurutu mgumu, wa kijivu, ukashuka shingoni na mgongoni, manyoya yakatoka mabaka mabaka. Alijikuna mpaka akatoa damu. Silasi alivumilia wiki tatu, kisha akamtia kwenye tenga, akafunga mdomo wa tenga kwa kanga ya marehemu, akapanda baiskeli.

Ofisi ya mifugo Bunda ilikuwa na wafugaji saba barazani, wote wakiwa na shida za ng'ombe. Walipomwona anafungua kanga na masikio ya paka yanatokea, walikaa kimya kidogo kwa adabu, halafu adabu ikawashinda.

"Watu tunakosa klorokwini ya watoto," mmoja alisema, "mwenzetu analetaga paka hospitali."

"Huyo si Silasi wa josho?" alisema mwingine. "Josho limefungwa, sasa anaogesha paka."

Bwana mifugo, Mihayo, alikuwa kijana aliyewahi kutumwa kwenye josho la Silasi kujifunza kazi. Alimheshimu, akamwita mzee, akamtanguliza mbele ya foleni, na hilo likazidisha vicheko. Lakini hakujua kushika paka. Alimvika gunia, akambana mezani kwa kiwiko, akasema, "Mzee, shika miguu." Foleni alilia sauti ambayo Silasi hakuwahi kuisikia kwa mnyama. Kisha akanyamaza ghafla, na huo unyamavu ulikuwa mbaya kuliko kilio. Alilala na macho wazi, hamtazami Mihayo wala sindano. Alimtazama Silasi.

Macho yale Silasi aliyajua. Aliyaona wodini Musoma, mwaka themanini na sita.

*

Siku nne Foleni hakutoka chini ya kihenge. Dagaa waliowekwa pale waliliwa na siafu. Hakujilamba, na paka asiyejilamba ni kama mtu asiyejali tena nguo aliyovaa. Uani pakawa kimya. Silasi alikula ugali wake baridi kwa sababu hakuna aliyemwambia umeiva. Jioni aliingia nyumba kubwa, akakaa, na nyumba ile ilikuwa na watu wawili: yeye na Mbuke. Hakuwa akimwona. Alikuwa akimsikia tu akisogeza kiti, akipumua upande wa dirisha, akisubiri aambiwe jambo.

Kulikuwa na barua ya Penina kwenye mfuko wa koti. Penina, binti yao wa pekee, aliolewa Butiama, na tangu msiba alikuwa akimtaka bibi yake akaishi naye. Bibi alimjibu mara zote jibu lilelile: nani atamlea paka wa mama yako? Foleni akiondoka, na mimi nitaondoka. Silasi aliposikia hayo alielewa kwamba kilichoshikilia ua wake usibaki mahame ni mnyama mmoja mwenye ukurutu.

Siku ya tano bibi alizungumza. "Foleni, toka mwanangu. Hupelekwi tena Bunda."

Silasi, aliyekuwa akikata kuni upande wa pili, aliweka shoka chini. "Foleni," alisema, "mwambie bibi amesema kweli. Hupelekwi tena. Nitakutibu mimi mwenyewe, hapahapa."

"Muulize kama anaweza."

"Mwambie miaka kumi na saba nimeogesha ng'ombe wa vijiji vitano. Ndama wenye upele walikuwa wanaletwa wamebebwa, wanarudi wanarukaruka. Paka ni nini?"

Bibi alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Usiku ule Foleni akatoka, akanywa maji.

*

Kopo lilikuwa juu ya dari, limefungwa kwa kitambaa na kamba. Serikali ilipoacha kuleta dawa ya josho, na Silasi na wenzake wakapewa barua za kushukuriwa, alibaki na ile nusu kopo kama wengine wanavyobaki na saa ya ukutani. Josho lenyewe lilikuwa limekauka. Mbuzi walilala ndani yake, na watu walinunua dawa kwa wafanyabiashara, ikiuzwa kwenye chupa za soda bila maandishi. Silasi aliwadharau wafanyabiashara wale. Yeye alijua vipimo kwa kichwa.

Jumamosi asubuhi, jua likiwa kali, alivua shati, akachanganya dawa kwenye beseni. Hakukadiria kwa pupa. Alipima kwa kifuniko, akafikiria uzito wa ndama, akaugawa, akapunguza tena kwa huruma. Maji yakawa meupe kama maziwa, na harufu ile ikapanda. Kwa Silasi ilikuwa harufu ya siku za kazi, za filimbi na vumbi na watu kumwita bwana josho, na moyo wake ulichangamka.

Alimshika Foleni kama Mbuke alivyozoea kumshika, mkono mmoja chini ya kifua, akimsemesha. Paka alitetemeka lakini hakulia. Silasi alimpaka kwa kitambaa masikioni, shingoni, mgongoni, mpaka kwenye vidole. Hakumsuuza wala kumfuta. Dawa ya josho haifutwi, huachwa ikaukie mwilini, ndipo inapofanya kazi. Hilo alikuwa amewaambia wafugaji wabishi mara elfu. Akamweka juu ya mwamba katikati ya ua, juani, akarudi nyuma.

Bibi Wankyo alikuwa ndani ya kibanda, maana mkwe alikuwa kifua wazi. "Foleni, vipi?" aliuliza kupitia ukuta.

"Mwambie bibi umetulia."

Foleni alikaa, akajitikisa, akatazama huku na huku. Kisha akainua mguu wa mbele na kuanza kujilamba.

Silasi alisahau desturi karibu yote. "Bibi," alisema, halafu akajirekebisha, "Foleni, mwambie bibi unajilamba. Siku sita hujajilamba, leo unajilamba."

"Mungu mkubwa," ilisema sauti ya ukutani. "Mwambie baba Penina ahsante. Mwambie mikono yake haikusahau kazi."

Paka alijilamba mguu, akajilamba kifua, akageuza shingo na kuufikia mgongo. Alifanya kazi yake kwa bidii, bila kuruka mahali. Silasi alivaa shati, akakaa kwenye gogo akimtazama, na kwa muda wa kama nusu saa alikuwa mtu mwenye furaha.

*

Mate yalianza mchana. Mwanzoni Silasi alidhani ni joto. Kisha Foleni alishuka kwenye mwamba, miguu ya nyuma ikamkatalia, akajikokota kwa ile ya mbele kuelekea kibandani kwa bibi, akaingia.

Ndipo Silasi alipoelewa, na alielewa yote kwa pamoja. Miaka kumi na saba, kila siku ya josho, alikuwa akisimama mlangoni mwa zizi la kukaushia, fimbo mkononi, akiwatenga ng'ombe na ndama wao. Ng'ombe humlamba ndama wake. Akimlamba kabla hajakauka, anakunywa sumu. Alikuwa amewahi kuwatukana watu kwa jambo hilo, watu wazima, mbele ya wake zao. Na sasa amemwogesha mnyama aliye mama na ndama katika mwili mmoja, akamweka juani na kumshangilia.

Mganga hajigangi, watu husema. Silasi hakuwa na nafasi ya methali. Alijua kuna sindano ya kupinga sumu ile, na kwamba kama ipo, ipo kwenye kabati la Mihayo.

Alisimama mlangoni pa kibanda, mgongo wake ukiangalia ndani. "Foleni," aliita. Hakukuwa na wa kumpelekea maneno. Alisikia tu kucha zikikwaruza sakafu ya udongo, tap, tap, tap, za mwili unaotetemeka.

"Mama," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo moja kwa moja. "Mtoe nje. Nakuomba."

"Yuko chini ya kitanda," bibi alijibu. "Huko kwenye pembe. Mkono wangu haufiki, mgongo hauinami."

Silasi alihesabu pumzi tatu. Kisha akageuka, akainama, akaingia anapolala mama mkwe wake. Kwa pembe ya jicho alimwona akiivuta kanga na kujifunika uso wote, akigeukia ukuta. Alilala kifudifudi kwenye sakafu, akaingiza kichwa chini ya kitanda chake, kati ya viatu vya bibi na kifurushi cha nguo za Mbuke, akamvuta paka kwa ngozi ya shingo. Aibu ilimwingia hadi kwenye mifupa. Alitoka kinyumenyume kama mwizi.

"Amekuwaje?" bibi aliuliza ndani ya kanga.

"Nampeleka Bunda."

"Ulisema hapelekwi tena."

Silasi alimtia paka kifuani ndani ya shati, akafunga vifungo, akachukua baiskeli.

*

Tairi la nyuma lilikuwa limefungwa kwa vipande vya mpira mahali pawili, na kila lilipozunguka lilimpiga teke chini ya kiti. Alipita josho. Alipita ghala la pamba lenye kufuli la chama cha ushirika. Mate ya Foleni yalilowesha tumbo lake, yakiwa ya moto. Barabara kuu ya Musoma ilipoonekana, bado mabati ya Bunda yakiwa mbali upande wa kulia, mtetemo kifuani ukabadilika, ukawa mkubwa mmoja, halafu ukaisha.

Alishuka, akaiacha baiskeli ianguke. Alifungua vifungo. Macho ya Foleni yalikuwa wazi.

Basi la Musoma lilipita na vumbi lake. Silasi alikaa ukingoni mwa barabara, paka magotini, akalitazama mpaka lilipopotea, maana lilikuwa basi kama lile alilopanda siku ile. Wodini ndugu wa mgonjwa walilala sakafuni, chini ya kitanda chake. Mkwe na mama mkwe hawawezi kulala sakafu moja, kwa hiyo mmoja tu aliweza kwenda Musoma kukaa na Mbuke, na Silasi alisema ataenda yeye. Bibi alikubali, akabaki uani kulinda kuku. Silasi alikaa naye siku tisa. Siku ya kumi ilikuwa Jumatano, na Alhamisi ilikuwa siku ya josho. Wenzake walikuwa wameanza kupunguzwa kazini, na asiyekuwapo na lake halipo. Mbuke hakulia. Alisema, "Usiende," mara moja, kisha akanyamaza na kumtazama mpaka alipofika mlangoni.

Usiku wa Jumatano na wa Alhamisi alilala joshoni bila kukanyaga uani, akarudi wodini Ijumaa, akakuta kitandani kuna mtu mwingine. Muuguzi, mama mtu mzima, alimshika bega na kumweleza alichokiona, pole pole, bila kumlaumu. Njiani kurudi na maiti, Silasi alitunga maneno yake. Alifia mikononi mwangu, aliwaambia watu. Kichwa chake kilikuwa hapa, kwenye mkono huu. Bibi Wankyo alipoyasikia alisema ashukuriwe Mungu, hakuwa peke yake. Tangu siku hiyo Silasi alikula chakula cha shukrani ile, na hakikuwahi kushuka vizuri.

Sasa hata uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni, haukuhitaji kutungwa. Amefia kwa bwana mifugo. Sindano imemshinda. Mihayo angelaumiwa, na Mihayo hangejua kamwe.

*

Alipofika uani jua lilikuwa bado liko juu ya migomba. Bibi Wankyo alikuwa amesimama katikati ya ua, mahali ambapo hakuwahi kusimama Silasi akiwepo, kanga mabegani, uso wazi. Aliuona mzigo kifuani. Hakugeuka.

"Amekufa," bibi alisema.

"Amekufa, mama."

"Wamemfanyaje huko?"

Silasi alifungua mdomo. Alimlaza paka juu ya mwamba kwanza, akamfunika kwa shati lake, akasimama kifua wazi mbele ya mkwewe kama mtu asiye na kitu cha kuficha tena.

"Hakufika," alisema. "Nimemuua mimi. Ni ile dawa. Alipojilamba aliinywa. Nilikuwa najua, mama. Ndiyo ilikuwa kazi yangu kujua."

Bibi alikaa chini polepole, juu ya udongo, miguu ameinyoosha kama wanawake wanavyokaa msibani. "Harufu niliisikia," alisema baadaye. "Nikajua ni ya ng'ombe. Baba yangu alikuwaga hataki tusogelee ndama siku ya josho. Nikasema, huyu ndiye mwenye kazi, mimi ni nani nimfundishe. Na umevua shati, nitatokaje?"

Walikaa na hilo, kila mmoja na sehemu yake. Kuku walizunguka miguuni pao wakitafuta.

"Jumamosi ijayo Penina aje anichukue," bibi alisema.

"Nitampelekea habari."

"Si kwa hasira. Ni kwamba sasa hakuna."

"Naelewa, mama." Kisha, kwa kuwa maneno ya kweli yalikuwa yameshafungua njia na hakujua kama yatapata tena mlango, aliendelea. "Mbuke pia hakufia mikononi mwangu. Nilimwacha Jumatano, nikaja kuogesha ng'ombe. Alikufa alfajiri ya Ijumaa. Sikuwepo."

Bibi Wankyo alimtazama. Miaka ishirini na mbili ya ukwe, na hii ilikuwa mara ya kwanza macho yao kukutana. Silasi alingoja laana, maana aliijua haki yake. Alitamani hata ije.

"Mimi ningeweza kuwepo," bibi alisema. "Ungeniambia tu unaondoka. Ningeenda kwa miguu."

"Ndiyo."

"Alikuwa na nani?"

"Na muuguzi. Muuguzi alikaa naye mpaka mwisho."

Bibi alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga, na alipouliza, sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba kitu ambacho hana hakika kama ni chake.

"Aliita mtu?"

"Aliita."

"Alimwita nani?"

Muuguzi alikuwa amemwambia. Amekuita wewe, baba, usiku kucha, Silasi, Silasi, hata sisi tumelijua jina lako kabla hatujakuona. Hicho ndicho kitu pekee alichorudi nacho Silasi kutoka Musoma. Kilikuwa kisu chake, na pia kilikuwa ndoa yake yote. Hakuwahi kumwonyesha mtu.

"Alikuita wewe, mama," alisema.

Bibi Wankyo alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu kukubali.

"Ndiyo," alisema. "Usiku ule nilimsikia. Nilitoka hapa nje, nikamwitikia."